Msumari Hautoshi



Munajua kiti cha nyuma darasani. Leo tunakipiga misumari, kisha mwezi mmoja kinayumba tena. Tunasema, mbao ni mbaya. Mimi ninasema mbao haina kosa. Kosa ni namna yetu ya kuiunga.

Mbao yetu hapa milimani mara nyingi ni ya mukaratusi, tena ingali mbichi. Ikikauka inajikunja na kupasuka, na msumari uliopigwa katika kichwa cha ubao unalegea upesi. Dawa iko: vijiti vya mviringo. Unatoboa matundu katika mbao zote mbili, unatia kola, unaingiza vijiti, unabana mpaka kesho.

Wengine watasema: hiyo ni kazi ya mashine, na sisi ni maskini. Basi tuhesabu pamoja. Tunahitaji ekere, msumeno wa meno madogo, nyundo ya mti, kola, chombo cha kutoboa cha kuzungusha kwa mkono, na mesha moja ya milimeta 10. Hiyo mesha inafaa ubao wa milimeta 25 au 30, maana kijiti kisipite nusu ya unene wa ubao. Vyombo hivi mutu anavipata Butembo.

Vingine tutajitengenezea. Chuma kinene chenye tundu la milimeta 10 kinatosha kwa kufanya vijiti: chonga mti mukavu kwa kisu, kisha uupitishe humo kwa nyundo. Kwa kulinganisha matundu, piga misumari midogo katika ubao wa kwanza, ikate vichwa, halafu kandamiza ubao wa pili juu yake: alama zinaonekana zenyewe. Kwa kubana, kamba iliyopotoshwa kwa kijiti inasaidia. Lakini musisahau: kina cha tundu kizidi kidogo, milimeta 1 au 2, na kijiti kikwaruzwe mufereji. Hewa na kola vinataka njia, la sivyo ubao utapasuka.

Kwa nini ninasukuma neno hili? Mwaka wa 2009, mwezi wa 4, nyumba nyingi za Luofu zilichomwa moto. Mutu anayekimbia hawezi kubeba kabati. Lakini vyombo hivi vinaingia katika mufuko mumoja, na ufundi ulio mukononi hauchomwi. Diploma ni nzuri, lakini si wote watapata ofisi.

Shauri langu: kila darasa litoe kidogo, tununue sanduku moja la vyombo. Liwe na daftari na mutu wa kuliangalia, maana mesha ya wote hupotea upesi. Siku ya salongo tuanze na kiti kimoja tu. Kikianguka mbele ya mwisho wa mwaka, municheke. Kikisimama, tufanye vingine.

Ninyi munasema nini?

Mwanafunzi wa mwaka wa 5