Mkaanga Kahawa Aandike Tarehe

Mkaanga kahawa wa hapa Moshi simpimi kwa picha ya Mlima Kilimanjaro iliyobandikwa kwenye pakiti. Naigeuza pakiti, natafuta tarehe ya kukaangwa. Tarehe ya mwisho wa matumizi hainitoshi, maana kahawa iliyokaangwa hupoteza harufu yake ndani ya wiki chache tu. Kisha namimina punje kiganjani. Zikiwa nyeusi tii na zinang'aa mafuta, nashuku: kuikaanga kahawa mno huficha kasoro za buni mbovu, na Arabika ya mlimani, yenye uchachu wake mtamu, huishia kuwa na ladha ya majivu. Mkulima makini wa Kibosho, huko mlimani, huchuma buni zilizoiva tu, kwa mkono. Anayeziunguza anamdhulumu. Basi na jina la kijiji cha mkulima huyo liandikwe pakitini, karibu na tarehe.