Kutu ya Ndani Ndiyo Izamishayo Chombo

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee wetu, na kwa mabaharia wa yoti maneno hayo si fumbo hata kidogo. Jahazi letu la pwani hutiwa farumi ndani ya tumbo, na mkuku wake ni mti mmoja na mwili wa chombo. Yoti nyingi za Kizungu sivyo zilivyo. Uzito wake umetungikwa nje, chini ya maji: mkuku wa chuma au wa risasi, wa tani kadha, ulioshikwa na bolti chache tu zinazopenya sakafu ya chombo na kukazwa kwa nati ndani ya ngama. Bolti zikishindwa, mkuku huzama peke yake na yoti hupinduka papo hapo.

Haya si mambo ya kubuni. Mei 2014 yoti ya Uingereza iliyobeba neno letu katika jina lake, Cheeki Rafiki, iliondoka Antigua kurudi Southampton na watu wanne. Katikati ya Atlantiki ikaanza kuingiza maji, kisha habari zikakatika. Ilipoonekana tena ilikuwa imefudikizwa, mkuku haupo, na boti ya kujiokolea ingali imo ndani haijaguswa. Wale wanne hawakupatikana. Wachunguzi wa ajali za bahari wa Uingereza walipotoa ripoti yao mwaka 2015 hawakuweza kukata shauri moja kwa yakini. Lakini walitaja kwamba chombo kilikuwa kimewahi kugusa chini na kutengenezwa zaidi ya mara moja, na kwamba huenda bolti moja au zaidi zilikuwa zimedhoofika. Na yoti ile iliundwa mwaka 2006, ina miaka minane tu!

Sasa tujiulize: ikiwa ya miaka minane ilifika hapo, je, ya miaka arubaini au hamsini? Ndilo jambo linalonifanya niandike. Yoti za faiba zilianza kuundwa kwa wingi miaka ya 1960 na 1970. Faiba haiozi kama mbao wala hailiwi na mchwa wa bahari. Kwa hivyo maganda ya yoti hizo yangali mazima, na huuzwa Ulaya na Marekani kwa bei ambayo hata mtu wa kipato kidogo aweza kuimudu. Mnunuzi hutazama rangi, matanga na mashine. Bolti haziangalii, kwani hazionekani.

Tena zina hadaa yake. Bolti ya stenlesi twaambiwa haishiki kutu, na ni kweli maadamu inapata hewa, kwani hewa ndiyo inayoifanyia utando mwembamba wa kuikinga. Lakini pale kati, mkuku unapokutana na mwili wa chombo, maji ya chumvi yakishapenya hutuama na hewa yake huisha. Utando hufa, na chuma huanza kulika kimya kimya. Juu waiona nati inang'ara kama fedha, ilhali shingo ya bolti imebaki nyembamba kama kiuno cha nyigu. Dhahiri yake si batini yake.

Dalili zipo kwa mwenye kutazama: mstari wa kutu unaochuruzika kwenye kiungo cha mkuku, ufa unaofunguka upande wa omo, maji ndani ya ngama yasiyo na asili. Wengine wakiona hayo hupaka rangi, au hushika spana na kuzikaza nati. Kukaza bolti iliyokwisha kuliwa ni kuimalizia. Dawa ni kukipandisha chombo nchi kavu, kung'oa bolti moja au mbili na kuzitazama kwa macho. Zikiwa mbovu, mkuku hushushwa, bolti zikabadilishwa zote, kiungo kikasafishwa na kutiwa gundi mpya ya kuzibia. Mkuku wa risasi wenye bolti zilizosubiwa ndani yake hauna njia hiyo nyepesi. Fundi hulazimika kutoboa na kutia nyingine kando ya zile kuukuu. Ni kazi ya gharama, na pengine yazidi thamani ya chombo chenyewe. Hapo ndipo wengi hushawishika kuuza na kunyamaza.

Kuuza na kunyamaza ndiko ninakokutia shaka. Huko Ulaya chombo kikuukuu aghalabu huuzwa kwa sharti la "kama kilivyo", yaani mnunuzi akubali aibu zake zote. Sisi tuliosoma fiqhi tunajua kwamba mnunuzi ana khiari ya kurudisha kitu chenye aibu iliyofichwa. Na katika madhehebu yetu ya Shafii, kauli yenye nguvu ni kuwa muuzaji aliyejitoa katika aibu zote hasalimiki ila kwa aibu ya ndani ya mnyama ambayo naye hakuijua. Chombo cha bahari si mnyama. Anayejua kwamba bolti zimelika akanyamaza, hakuuza chombo. Ameuza roho za watu.

Msomaji atauliza, yatuhusu nini sisi? Yatuhusu, kwani yoti zinazovuka Bahari ya Hindi hutia nanga katika hori ya Kilifi, na mafundi wetu ndio huitwa kuzitengeneza. Yatuhusu pia kwa kuwa misumari ya mashua zetu nayo hulika ndani ya mbao bila kuonekana. Katika Sura ya Al-Qamar safina ya Nabii Nuhu imetajwa kwa vitu viwili tu, mbao na vifungio vyake. Wengi katika wanavyuoni walisema vifungio hivyo ni misumari, na wengine wakasema ni kamba, kama zile zilizoshona mitepe yetu ya zamani. Lakini iwe kamba au msumari, kifungio ndicho kilichotajwa, si tanga wala nakshi ya omo.

Basi fundi akiitwa apake rangi, naye akaiona kutu imechuruzika kwenye kiungo, aweke brashi chini amwambie mwenye chombo kabla hajatweka.