Simulizi Imekatika Sehemu ya 37, Buku Imeshaliwa: Huo ni Uandishi au Utapeli?

Kama upo kwenye grupu lolote la simulizi WhatsApp, huu mchezo unaujua vizuri. Sehemu ya 1 mpaka ya 10 zinamwagwa bure, usiku usiku, na kila moja inaishia pale pale: mlango unagongwa, au simu inaita kwa namba ngeni. Watu wakishanogewa, linashuka tangazo: mwendelezo ni buku tu, tuma kwenye namba hii, utaongezwa kwenye grupu la VIP. Watu wanatuma. Sehemu ya 37 inakuja nusu. Admini anasema anaumwa. Wiki ya tatu anaibuka na simulizi mpya kabisa, ina picha ya mdada mkali juu. Ile ya zamani haitajwi tena, na aliyelipia kabaki na arosto yake.

Kuna jamaa mmoja hapa Dar, jina kapuni, anayejiita mfalme wa simulizi. Wafuasi anao kibao. Simulizi alizoanzisha ni nyingi, alizomaliza zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mashabiki wakimbana kwenye komenti, jibu lake ni lile lile: kipaji hakilazimishwi, akipata hisia ataendelea.

Hisia gani hizo? Fundi cherehani akichukua hela ya gauni la send-off, halafu akatoa gauni lenye mkono mmoja na kusema hisia zimekata, atakuwa na hali gani mtaani? Mtu wa simulizi yeye anaambiwa pole na kutumiwa emoji za moyo.

Wengi wa hawa kinachowakwamisha si ugonjwa wala bando. Walianza sehemu ya 1 bila kujua mwisho ni upi. Wakifika katikati wamejaza watoto wa nje, mapacha waliopotezana, mchawi, jini na bosi wa madawa, na hawajui wamtoeje steringi humo ndani. Ndiyo maana mama aliyezikwa sehemu ya 3 anaonekana akimimina chai sehemu ya 28. Ndiyo maana Jackline anageuka Jasmini bila taarifa. Mwandishi mwenyewe hajarudi kusoma alichoandika, ila wewe umesoma, umekumbuka, na ukiuliza unaitwa hater.

Halafu kuna yule dada wa Instagram, naye jina kapuni, anayechukua tamthilia za Kituruki na kubadilisha majina. Istanbul inakuwa Mbezi Beach, bwana harusi anakuwa Brayani, mambo safi. Tatizo ni pale Brayani anapotoka getini Mbezi Beach na kukuta theluji imefunika gari. Hata kunakili nako kunataka kurudia kusoma kabla ya kuposti.

Watetezi wao hawakawii: "Acheni wivu, hizo ni simulizi za simu, siyo vitabu vya shule." Haya, tuachane na vitabu vya shule. Elvis Musiba hakuwa akiwaandikia wanafunzi wafaulu mtihani. Kufa na Kupona ilitoka mwaka 1974, ina jasusi Willy Gamba, ina risasi, ina warembo, ni burudani mwanzo mwisho. Ben Mtobwa na Joram Kiango wake ni hivyo hivyo. Vitabu vyao vilipita mkono kwa mkono kwenye mabasi na mabwenini, na mtu akifika ukurasa wa mwisho anajua nani kafa na nani kapona.

Rudi nyuma zaidi, kwa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar na mpelelezi wake Bwana Msa. Mzimu wa Watu wa Kale ilichapishwa mwaka 1960. Hadithi ya upelelezi huwezi kuibuni njiani. Kidokezo cha mwanzoni lazima kiwekwe na mtu anayejua tayari muuaji ni nani, la sivyo Bwana Msa akifumbua fumbo msomaji atajiona kachezewa.

Wengine watasema simulizi ya vipande ndivyo ilivyo, lazima ikatike. Wapi! Charles Dickens wa Uingereza alijitengenezea jina kwa vipande. The Pickwick Papers ilitoka kila mwezi kuanzia 1836 hadi 1837. Mei 1837 shemeji yake aliyempenda sana alifariki, na toleo la mwezi uliofuata halikutoka. Alifiwa, akapumzika, akarudi, akamaliza. Kuumwa na kufiwa kupo, na hakuna anayemnyima mwandishi ruhusa. Wasomaji wanachodai ni arudi.

Na wale wa "muda sina"? Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini gereza la Kamiti, Kenya, kuanzia Desemba 1977, bila kufikishwa mahakamani. Humo ndani aliandika riwaya nzima kwa Kigikuyu kwenye karatasi za chooni, ile ambayo kwa Kiswahili inaitwa Shetani Msalabani. Mtu mwenye simu janja, bando la wiki na kochi anakwamaje sehemu ya 37?

Ukweli usemwe wote lakini. Wasomaji nao wana makosa yao. Wanaandika "next" kabla hata hawajamaliza kusoma. Wanataka sehemu tatu kwa siku. Akitokea binti mmoja mtulivu, anayeandika sehemu moja kwa wiki, iliyonyooka, yenye nukta na mkato, anaambiwa anachelewesha. Wengine wanakopi kazi yake na kuisambaza bure, kisha wanashangaa kwa nini kaacha kuandika. Ukimlipa anayekurupuka na kumwibia anayejipanga, kurupu ndizo utakazosoma.

Na hapa si suala la buku peke yake. Kuna vijana wengi mjini ambao hadithi ya kwanza ya Kiswahili waliyoisoma kwa hiari yao, bila mwalimu na fimbo, ni hii ya kwenye simu. Huyo akiachwa njiani mara tatu, mara nne, hatasema fulani kamtapeli. Atasema hadithi za Kiswahili ni ubabaishaji, atahamia tamthilia za Kikorea, na hata yule binti mtulivu hatampata tena.

Dawa yake haihitaji chuo. Andika mwisho kwanza, hata kwa mistari mitano. Kuwa na daftari la wahusika: jina, umri, nani kafa. Maliza simulizi yote kabla ya kuposti sehemu ya 1. Ilaze siku kadhaa, kisha isome kwa sauti. Palipokushinda kusoma, futa. Mpe rafiki asiyekuogopa aisome. Baada ya hapo ndipo weka namba ya kutumia hela.

Nawe msomaji, kabla ya kutuma buku uliza swali moja tu: imeisha? Akianza kukupa habari za hisia, kanunue chipsi.

Wewe umeachwa njiani mara ngapi, na simulizi ilikatikia sehemu ya ngapi? Dondosha komenti hapo chini, majina weka kapuni.