Kamba Msafishaji Aangua Kibokoni, Lakini Watoto Hawakui

Ukitajiwa uchumi wa buluu, akili hukimbilia Kilindini, kwenye meli kubwa na vibali vya bahari kuu. Tangu kongamano la Nairobi la Novemba 2018, neno hilo halikosekani kwenye hotuba yoyote ya mwanasiasa wa Pwani, na tangu Agosti 2024 wizara yenyewe imo mikononi mwa mwenzetu, Hassan Joho. Lakini kuna biashara moja ya bahari ambayo kijana wa Mji wa Kale angeweza kuigusa bila boti, na haitajwi: samaki na kamba wa mapambo.

Si biashara ya leo. Kwa miongo kadhaa wazamiaji wa Pwani yetu wameshuka miambani na vyavu vidogo, wakatoa samaki wa rangi wakiwa hai, wakalipwa kwa idadi, na mzigo ukapanda ndege kwenda Ulaya na Marekani. Mmoja wa wanaotafutwa ni kamba msafishaji, yule mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni na masharubu meupe marefu. Huyu mwambani ana kazi yake. Samaki humjia na kutulia, wengine hata hufungua kinywa, naye huwatoa chawa na ngozi iliyokufa. Kila anayetiwa mfukoni kupelekwa uwanja wa ndege ni kinyozi aliyefunga duka, na wateja wake wanabaki na chawa wao.

Basi kwa nini asizalishwe hapa hapa? Kijana mmoja wa Kibokoni amejaribu, ghorofani kwao, kwenye tangi la kioo. Kupata mayai hakukumpa taabu. Kamba huyu huanza maisha akiwa dume, kisha akikua huwa dume na jike kwa pamoja, kwa hiyo wawili wowote waliopevuka ni mume na mke. Hubeba mayai tumboni kwa muda wa wiki mbili hivi, na huangua usiku taa zikishazimwa. Kijana akiwasha tochi pembeni mwa tangi huwaona watoto kwa mamia wakiufuata mwanga, kama vumbi lenye macho. Wiki ya tatu haijaisha, hakuna hata mmoja.

Huo si uzembe wake. Mtoto wa kamba huyu hazaliwi kamba. Huzaliwa kidudu cha kuelea, na huelea kwa muda mrefu mno. Majaribio ya wataalamu yameonyesha huchukua karibu miezi miwili wakifaulu vizuri, na wengine hufika hata miezi mitano kabla ya kutua chini na kuwa na umbo la wazazi. Huzaliwa na njaa na wanataka atemia hai mapema. Baadaye huota miguu mirefu mfano wa makasia, ambayo hunasana na ya wenzao na kukatika wakigusa kioo. Pembe nne za tangi la nyumbani ni makaburi yao. Wanataka chombo cha duara, maji yakizunguka polepole mchana na usiku. Mreno Ricardo Calado, aliyechapisha kitabu kizima juu ya kamba wa mapambo mwaka 2008, amefanya kazi kubwa kwenye vyombo vya namna hiyo, na bado kamba wengi mno wa aina hii wanaouzwa duniani hutolewa baharini.

Sasa yalete hayo Mombasa. Maji ya kuchota Bandari ya Kale yana uchafu wa mji ndani yake, na masika yakipiga chumvi hupungua. Mtu inambidi angoje bamvua, maji yakijaa, akachote upande wa bahari wazi, apandishe mitungi kwenye tuktuk, na juu ghorofani ayachuje. Halafu stima ikipotea saa nne, mzunguko unasimama na watoto wanazama. Miezi mitano bila stima kupotea! Nani hapa kisiwani ameiona?

Kinachonikera zaidi ni chakula. Mayai ya atemia ya mkebeni hutoka mbali, mengi kwenye Ziwa Kuu la Chumvi kule Utah, na bei yake hufuata dola. Ilhali atemia wapo Pwani. Walipandwa kwenye mashamba ya chumvi kaskazini ya Malindi miaka ya 1980, na wakadumu. Ila mashamba yale ni ya makampuni, kwenye ardhi ambayo wenyeji wameilalamikia hata Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ikafanya uchunguzi wa hadhara mwaka 2005. Chakula cha kamba wetu kimefungwa ndani ya ugomvi mwingine.

Kwa hiyo simwambii kijana yeyote aache kazi akafuge kamba msafishaji, atapata hasara. Anayetaka kuanza aanze na yule samaki wa mikanda myeupe aliyevuma kwa filamu ya Nemo, ambaye watoto wake huelea wiki mbili tu. Kamba ni kazi ya taasisi. KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari, iko Mkomani, ng'ambo tu ya maji kutoka Mji wa Kale. Ikitenga vyombo vichache vya duara vyenye jenereta, vijana watunze wazazi majumbani na kupeleka watoto asubuhi ya kuangua, gharama ingekuwa ndogo kuliko ya warsha moja ya hotelini. Kisha kibali cha kusafirisha kiwatambue waliozalishwa tofauti na waliotolewa mwambani, maana bila hivyo mnunuzi wa Ulaya hana sababu ya kulipa zaidi.

Yule kijana hajangoja. Amekata kitako cha mtungi wa maji wa lita 20, akaugeuza juu chini, akatia mpira wa hewa mdomoni na betri ya pikipiki pembeni. Kamba wake wamebeba mayai tena. Anahesabu yataanguliwa Ijumaa usiku.