Kitabu Kilicholiwa na Mbuzi

Juma hili nataka tuongee habari ya maktaba za shule zetu, na hasa habari ya yule mwalimu anayeshika ufunguo wake. Najua wengine mtasema, "Maktaba! Hayo ni mambo ya mjini." Ngojeni kwanza.

Katika kijiji kimoja cha upande wa Ikungi, ambacho sitakitaja jina, mtoto wa kike wa darasa la tano aliazima kitabu cha hadithi, akaenda nacho nyumbani. Siku ya tatu alikiweka juu ya kinu, akaenda kuteka maji. Aliporudi alikuta mbuzi amekwisha kula jalada na kurasa 12 za mwanzo. Mtoto akalia. Baba yake akakasirika, akasema, "Ndiyo maana sitaki vitu vya serikali nyumbani kwangu. Kesho nitadaiwa fedha." Tangu siku hiyo mtoto akakatazwa kuleta kitabu chochote.

Baba huyo si mtu mbaya. Hofu yake wanayo wengi, wanayo hata walimu. Nilipokuwa kijana nalifundisha katika shule moja iliyoletewa makasha manne ya vitabu. Tulipiga makofi, tukaimba. Kisha vitabu vikafungiwa stoo, maana mkubwa wetu aliogopa ukaguzi: kitabu kikipotea, yeye ndiye atakayeulizwa. Tulipokuja kufungua mwaka wa pili, mchwa walikuwa wamekwisha kufanya kazi yao. Hakikupotea hata kitabu kimoja. Vyote vilikuwamo, ndani ya udongo. Nami nalikuwa mmoja wa walionyamaza.

Basi kazi ya mtunza maktaba huanzia hapo: kukubali kwamba kitabu kitachakaa. Katika shule zetu za vijijini mtu huyu kwa kawaida si mkutubi aliyesomea kazi hiyo. Wakutubi hufunzwa, kwa mfano katika chuo cha Bodi ya Huduma za Maktaba kilichoko Bagamoyo, lakini kumwona mmoja wao katika shule ya msingi huku kwetu ni bahati. Wetu ni mwalimu mwenye vipindi vyake, aliyeongezewa kazi juu ya kazi. Ana kabati, pengine rafu mbili, muhuri wa shule, na daftari la kuazimia lililopigwa mistari: jina, darasa, kitabu, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha.

Daftari hilo watu hulidharau, na kumbe ndilo lenye siri. Mwalimu hodari hulisoma kama daktari asomavyo kadi ya mgonjwa. Huona kwamba fulani amechukua kitabu kile kile mara tatu, naye huuliza kwa nini. Pengine hawezi kusoma kingine kilicho kigumu kidogo, naye aona haya kusema. Huona kwamba wavulana wa darasa la sita hawajaazima chochote tangu mavuno ya alizeti yaanze. Mwalimu wa darasa lenye watoto wengi hawezi kuyaona haya yote, lakini daftari humwonyesha.

Tena hukaa na walimu wenzake na muhtasari wa masomo. Mwezi ujao darasa la tano litafundishwa habari ya maji na udongo? Yeye hutafuta mapema vitabu vinavyohusu jambo hilo, hata kama ni viwili tu, akavipeleka darasani. Huwafundisha watoto kutumia yaliyomo na faharasa, na kufungua kamusi kwa kufuata alfabeti. Huwapa swali moja na vitabu viwili, wakaone kama vyasema sawasawa. Mtoto aliyezoea hivyo akiingia katika mtihani hatafuti maneno aliyokariri tu, maana amejifunza kuelewa swali.

Nawaomba mfikiri juu ya lugha pia. Mtoto wa Kinyaturu au Kinyiramba huanza shule akiwa na lugha ya mama yake kifuani. Darasani anakutana na Kiswahili sanifu. Akifika sekondari, masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Lugha tatu, na mwalimu ana dakika arobaini tu kwa kipindi! Maneno hayo mengi atayapata wapi, kama si katika kusoma polepole, peke yake, kitabu apendacho? Wengi wanaoshindwa kidato cha kwanza nawajua, si wajinga hata kidogo. Walikuwa na njaa ya maneno.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 1993 wataalamu wa jimbo la Colorado, Marekani, walitoa uchunguzi wao juu ya maktaba za shule. Waliona kwamba mahali penye maktaba yenye vitabu vya kutosha na mtumishi wake, watoto walifanya vema zaidi katika kusoma, hata walipolinganishwa na watoto wa hali moja ya maisha. Mwaka 1999 shirika la UNESCO pamoja na chama cha maktaba za dunia lilitoa tamko kwamba mkutubi na mwalimu wakishirikiana, wanafunzi hupanda katika kusoma na kujifunza. Hapa nchini Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Nchi ilikuwa na umri wa miaka sita, nayo ilikuwa na mahitaji mengine mengi, lakini nyumba ya vitabu ilijengwa.

Turudi kwa mbuzi. Mwalimu mtunza maktaba, kijana wa kike, alipoona yule mtoto haji tena, alikwenda mwenyewe nyumbani kwao jioni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwalimu. Umekuja kudai?"

"Hapana, baba. Nimemleta mwenzake." Akatoa kitabu kingine, kimefunikwa kwa karatasi ya kaki, ndani ya mfuko wa kitambaa wenye kamba. "Huu hutundikwa ukutani, mbuzi hafiki."

Baba akanyamaza kidogo. Akauliza, je, kile kilicholiwa? Mwalimu akamweleza kwamba kamati ya shule imekubaliana: kitabu kilichoharibika kwa bahati mbaya hakitozwi fedha, mwenye uwezo ataleta chochote baada ya mavuno, asiye nacho atasaidia kupiga lipu chumba cha maktaba.

Mwezi wa saba baba yule alileta debe moja la alizeti. Mimi nimeliona daftari lenyewe. Katika mstari wa kitabu kile, mahali pa tarehe ya kurudisha, mwalimu ameandika kwa wino mwekundu: "Kililiwa. Kimelipwa." Na chini yake, jina la mtoto yule yule limeandikwa mara nne.