Mgonjwa Si Picha



Wiki hii twataka tuzungumze juu ya jambo linaloingia katika kila nyumba yenye simu, nalo ni namna tunavyozipokea habari za mtu aliyenusurika risasi na kupona mbele ya macho ya watu.

Tarehe 9 Oktoba 2012, huko Mingora katika bonde la Swat nchini Pakistan, mtu mwenye bunduki aliingia katika gari la wanafunzi, akauliza Malala ni yupi, kisha akafyatua risasi. Malala Yousafzai, msichana wa miaka 15 aliyetetea haki ya wasichana kusoma, alipigwa kichwani. Wenzake wawili, Shazia Ramzan na Kainat Riaz, walijeruhiwa pamoja naye. Madaktari wa Peshawar walikitoa kipande cha fuvu la Malala ili ubongo uliovimba upate nafasi. Tarehe 15 Oktoba akapelekwa Birmingham, Uingereza, na tangu hapo ni kana kwamba ulimwengu mzima uliketi mlangoni pa wodi.

Mwanzoni watu walisimama pamoja naye. Dua ziliombwa misikitini na mashuleni, na maulamaa wapatao 50 wa Pakistan walitoa fatwa ya kukilaani kitendo kile. Lakini hospitali ilipotoa picha yake akiwa amefumbua macho, na baadaye zikaja picha za tabasamu, watazamaji waligawanyika.

Wako waliosema, hata nchini mwake, kwamba tukio zima lilikuwa mchezo wa kuigiza. Kule kupona kwake kukafanywa ushahidi kwamba hakuumia. Wako na waliompenda, ambao walimwona akihutubia Umoja wa Mataifa Julai 2013 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2014, wakahukumu kwamba maumivu yamekwisha. Makundi haya mawili yanachukiana, ilhali kosa lao ni moja: yote yalidhani kwamba yaliyo katika picha ndiyo yote yaliyopo.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Risasi ilikuwa imeukata mshipa wa fahamu wa uso, upande wa kushoto ukapooza, na sikio la upande huo likapoteza usikivu. Februari 2013 alitiwa bamba la titani fuvuni na kifaa cha kumsaidia kusikia. Mwaka 2021, karibu miaka 9 baada ya risasi ile, alikuwa tena mikononi mwa madaktari, Boston, Marekani, kwa ajili ya uso ule ule. Na Shazia na Kainat je? Walivuja damu katika gari lile lile, lakini kwa kuwa kamera hazikuwafuata sana, ni wachache wanaoyakumbuka majina yao.

Nasi hapa Kenya tunao majeruhi wetu, wa Westgate mwaka 2013 na wa Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015. Baadhi yao walipigwa picha siku ya msiba na hawakuulizwa hali tena. Huenda mmoja wao ni jirani yako, na bado anashtuka mlango unapobamizwa.

Basi tuwafunze watoto wetu adabu hii. Habari ya mgonjwa isisambazwe kabla ya kuthibitishwa. Picha yake isipigwe bila ya idhini yake au ya jamaa zake. Asiambiwe kwamba amekwisha pona, bali aulizwe anajionaje, na jibu lake lisikilizwe hadi mwisho. Aliyeumwa asilazimishwe kuonyesha kovu ndipo asadikiwe, wala asitakiwe kutabasamu ndipo apendwe. Na baada ya mwaka, wageni wakishakatika, sisi tubishe hodi.

Wabillahi tawfiq.