Pipi ya Aliyetumwa Dukani

Aliyekulia uswahilini anaijua pipi hii. Mama anakupa noti, anakutuma mafuta ya kula na sukari. Njiani kuna maduka mawili. La kwanza bei yake ni nzuri, ila mwenye duka amenuna muda wote. La pili bei imechangamka kidogo, lakini Mangi wa pale akishakurudishia chenji anachomoa pipi kwenye kopo na kukuwekea mkononi. Kesho ukitumwa tena, miguu yenyewe inajua pa kwenda. Aliyelipa ni mama, uliyelamba ni wewe. Na Mangi hajatoa sadaka hapo, kainunua miguu yako kwa hela ya mama yako.

Nataka kuzungumzia hoteli kubwa za mjini, zile ghorofa za Posta zenye mlinzi wa koti na mlango unaozunguka, pamoja na pointi zake. Kwa asiyezijua: unajisajili bure, unapewa namba, na kila ukilala namba yako inaongezewa pointi kwa kadiri ya fedha iliyolipwa. Zikifika kiwango fulani unalala usiku mmoja bila kulipia chumba. Ujanja huu waliuanza watu wa ndege. American Airlines walizindua mpango wao mwaka 1981, na mwaka 1983 Holiday Inn na Marriott wakaupeleka hotelini. Leo karibu kila kampuni kubwa ya hoteli duniani ina wake, na zilipokuja Dar es Salaam zikaja nao.

Wenyewe wanauita mpango wa uaminifu. Anayekusanya pointi nyingi ni “mteja mwaminifu”, na kadi yake inapanda madaraja, fedha, dhahabu, almasi, kama vile duka la sonara.

Sasa tulitazame neno. Kwa Kiswahili mwaminifu si mtu anayerudi mahali pamoja mara nyingi. Huyo ni mzoefu, au mkaa baa. Mwaminifu ni mtu unayemwachia mali yako ukaondoka, ukirudi unaikuta kama ulivyoiacha. Neno lina undugu na amana. Ukisema fulani ni mwaminifu, unasema habari za mikono yake na mali ya watu. Kwa hiyo mtu anaposafiri kwa fedha ya ofisi, ya mradi au ya mlipakodi, uaminifu wake unapimwa kwa yule aliyempa fedha. Hoteli inaingia katikati na kumwambia: kuwa mwaminifu kwangu, nami nitakutunza. Halafu jambo hilo linaitwa kwa neno lilelile. Mimi hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Miezi michache iliyopita mimi na mke wangu tulilala siku mbili kwenye hoteli mojawapo ya hizo, kwa pointi. Hazikuwa zangu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anafanya kazi za miradi, na siku hiyo alikuja kwetu Kibaha na simu mkononi. “Shemeji, hizi pointi zinakaribia kuisha muda. Mpeleke dada’ngu mjini akapumzike, mnajifungia tu hapa Maili Moja.” Ofa ya shemeji haikataliwi.

Nisiseme uongo, palikuwa pazuri. Shuka zimenyooka kama karatasi mpya, dirishani bandari yote, pantoni inakwenda na kurudi Kigamboni huku sisi tunakunywa chai. Mke wangu alioga mara tatu kwa siku. Ile “bure” lakini ilikuwa na mikia yake: kifungua kinywa hakikuwemo kwa wanaolala kwa pointi, na kulikuwa na ada moja mbili ambazo hakuna aliyetueleza mpaka siku ya kuondoka. Tulitoka na bili ya laki na ushee kwa kulala bure. Hilo ni dogo, na wala siandiki makala kwa sababu ya mayai mawili na juisi.

Kilichonikaa ni maji. Mtu wa Kibaha akioga Posta anaoga maji aliyoyaona yakipita. Mtambo wa Ruvu Juu uko Mlandizi, wilayani Kibaha. Maji ya Mto Ruvu yanasafishwa pale, yanapita kwenye bomba mbele ya nyumba zetu, yanateremka Dar es Salaam. Kisarawe, ambayo imepakana na jiji na ina misitu ya Pugu na Kazimzumbwi inayoshika mvua, ilikaa miaka na miaka watu wakinunua maji kwa dumu, mpaka mradi wa bomba kutoka Kibamba ulipozinduliwa mwaka 2020. Mpaka leo vijiji vya ndani huko bado ni habari nyingine. Hivyo nilipomuuliza shemeji pointi hizi kazipata wapi, na akajibu “Kisarawe”, nilicheka kwanza. Kisarawe hakuna hoteli ya pointi.

Akanifafanulia bila haya, kwa sababu kwake hakuna cha kuonea haya. Kulikuwa na mradi wa afya wa vijijini, jina la Kisarawe limeandikwa kwenye bango. Warsha ya wadau ilifanyika Posta, siku nne, watu kama sitini, walalao na walao. Yeye ndiye aliyesaini mkataba wa ukumbi. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: makampuni makubwa ya hoteli yana pipi maalumu kwa mwandaaji wa mikutano. Si chumba chake peke yake kinachomwingizia pointi. Bili ya ukumbi, chai ya saa nne na chakula cha mchana cha watu wote inaweza kuhesabiwa kwenye namba yake. Kila sambusa aliyokula muuguzi wa Kisarawe ilisogeza mbele likizo ya mtu mwingine.

Warsha za namna hiyo nimeripoti nyingi, nazifahamu hadi harufu ya zulia. Katika mojawapo nilikaa wakati wa chakula na muuguzi wa zahanati moja ya mbele ya Maneromango, mama wa makamo. Nikamuuliza mwandishi anachouliza siku zote, mama unaonaje mafunzo. Akasema mafunzo mazuri, mwanangu, posho nzuri, kitanda kizuri. Kisha akaongeza, kama mtu anayesimulia habari za mvua: “Ila zahanati nimefunga. Mwenzangu yuko likizo ya uzazi, mimi ndiye niliyebaki.” Mada ya asubuhi hiyo ilikuwa upatikanaji wa huduma.

Kutoka Kisarawe mjini hadi Posta ni kilomita 30 na ushee. Unapanda daladala, unapita Pugu na Gongo la Mboto, foleni ikikuhurumia ni saa moja na nusu. Siyo safari ya kulala. Lakini washiriki wakirudi makwao jioni hakuna vyumba, pasipo vyumba bili inapungua, na bili ikipungua… nadhani tumeelewana.

“Kisarawe hakuna ukumbi wenye hadhi,” ndilo jibu nililopewa kila nilipouliza. Sawa, tuseme hakuna. Kibaha je? Shirika la Elimu Kibaha lipo tangu miaka ya 60, lilipoanza kama mradi wa nchi za Nordiki na Tanganyika, likakabidhiwa kwa Serikali mwaka 1970. Lilijengwa makusudi ili watu wa vijijini wafundishwe nje ya jiji. Kwa Mfipa kuna Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyofunguliwa mwaka 2022, ambako vyama sita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika vinafundisha makada wao. Ukumbi unaowatosha makada wa FRELIMO na SWAPO utashindwaje kuwatosha watendaji wa kata? Na gesti za Kibaha ni safi, neti ipo, feni ipo, asubuhi supu na chapati. Kitu kimoja tu hakipo, pointi.

Wahasibu watanishika shati hapa, na wana haki kiasi. Hoteli kubwa ina risiti ya mashine, ina jenereta, ina intaneti isiyokatika mfadhili anapoongea kutoka Ulaya. Gesti nyingine ukidai risiti ya EFD unaambiwa mashine mbovu, njoo kesho. Hilo ni kweli na linaudhi. Lakini mashine ya risiti inatengenezeka kwa mkutano mmoja wenye hela ya maana. Mwenye gesti akijua watu sitini wanakuja siku nne, mashine itapona usiku huohuo.

Utetezi wa pili ndio ninaousikia zaidi, tena kwa watu waungwana: pointi hazimgharimu mtu, zisipochukuliwa zinapotea bure, hoteli ndiyo inayotoa. Hapana. Kampuni ya hoteli huziandika pointi kwenye vitabu vyake kama deni. Kila mwanachama anapolala, hoteli huchangia sehemu ya bili kwenye mfuko wa mpango, na mchango huo umo ndani ya bei ya chumba. Maana yake aliyelipa bei ya chumba ndiye aliyelipia pointi. Usiku wa shemeji tulioulala ulikwisha kulipwa na mradi wa Kisarawe. Umecheleweshwa tu na kupewa jina la zawadi.

Wenzetu waligombana juu ya jambo hili hadharani. Ujerumani, mwaka 2002, ilibainika kwamba wanasiasa walitumia kwa safari zao binafsi maili walizozipata kwenye safari za kikazi. Gregor Gysi akajiuzulu useneta wa uchumi wa Berlin. Cem Özdemir naye akakaa pembeni. Kwa maili za ndege! Marekani wakaenda njia nyingine: mpaka mwishoni mwa mwaka 2001 maili za mtumishi wa serikali kuu zilikuwa mali ya serikali, kisha Bunge lao likapitisha sheria ya kumwachia mtumishi. Mimi siafiki uamuzi ule, lakini angalau ulikuwa uamuzi, umejadiliwa na kuandikwa. Kwetu hakuna mjadala wowote ambao nimewahi kuuripoti. Mwishoni mwa mwaka 2015 Rais Magufuli alipobana safari na semina za hotelini na kuagiza kumbi za Serikali zitumike, tulijadili sana bajeti, na wenye hoteli wakalia kwa sauti. Pointi hakuna aliyezitaja. Semina zimerudi, pointi zimerudi nazo.

Tena uaminifu wenyewe ni kwa nani? Hoteli inayoitwa leo Serena pale mjini ilianza kama Sheraton, ikawa Royal Palm, ikawa Mövenpick. Kilimanjaro ilifunguliwa mwaka 1965 ikiwa hoteli ya Serikali. Mwaka 2005 ilifunguliwa upya chini ya Kempinski, sasa ni Hyatt. Kuta ni zilezile, bahari ileile. Bango likibadilika pointi hazibaki na jengo, zinakwenda na jina. Dada anayetandika kitanda, ambaye ndiye huduma yenyewe unayosema umeipenda, hayumo kabisa kwenye hesabu. Mama lishe wa Maili Moja akikuongezea kipande cha samaki kwa sababu umekula kwake mwezi mzima, anakiondoa kwenye sufuria yake na kukiweka kwenye sahani ya aliyelipa, mbele ya macho yako. Hiyo tunaiita nyongeza, na sina ugomvi nayo. Atakayetumia mshahara wake kulala hotelini akapata pointi, naye ale zake kwa raha.

Ninachodai ni kidogo na kinaandikika kwenye karatasi moja. Mfadhili aweke kwenye mkataba, na Hazina iweke kwenye waraka, kwamba fedha ya umma au ya mradi haiingizi pointi kwenye namba ya mtu binafsi. Mwandaaji ajadiliane na hoteli ipunguze bei badala yake. Hoteli inayoweza kutoa pipi inaweza kutoa punguzo. Orodha ya mahudhurio iwe na safu moja zaidi: huyu anaishi kilomita ngapi kutoka ukumbini. Na warsha ya Kisarawe ikifanyika nje ya Mkoa wa Pwani, aliyesaini aandike sababu, kwa jina lake, kwenye ripoti ileile ya matumizi.

Nilimsomea shemeji rasimu ya makala haya kabla ya kuipeleka, kwa sababu tunakula sinia moja. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema nimeonea, kwamba posho yao imepunguzwa, mikataba ni ya mwaka mmoja mmoja, na pointi ndiyo likizo pekee anayoweza kuwapa watoto wake. Namwamini. Basi adai likizo hiyo kwa mwajiri wake, kwa mdomo wake, iandikwe kwenye mkataba, na muuguzi wa Maneromango aione kwenye bajeti ya mradi wenye jina la wilaya yake, ikiwa na tarakimu mbele yake kama vitu vingine.